Commodore 64 inaganda baada ya nusu saa, na kiendeshi cha 1541 kinachanganya faili: kosa ni moja au ni mengi?

Mpwa_wa_Baharia aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Naomba msaada kuhusu kompyuta ya Commodore 64 pamoja na kiendeshi chake cha diski cha aina ya 1541. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alivinunua Hamburg katika miaka ya 1980 na kuvileta nyumbani Mombasa. Vilikaa kabatini kwa zaidi ya miaka 20 hadi mwezi wa Ramadhani uliopita, nilipovitoa, nikavipangusa vumbi na kuviwasha. Skrini ya buluu ilitokea pamoja na ujumbe wa baiti 38911 zilizo huru, nami nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Tatizo la kwanza ni kwamba baada ya dakika 30 au 40 programu yoyote ninayoitumia huganda. Mara herufi za ajabu hutapakaa kwenye skrini, mara kishale hupotea na kibodi isisikie tena. Nikiizima na kuiacha ipoe, huwaka upya kana kwamba hapakuwa na jambo lolote.

Tatizo la pili liko kwenye kiendeshi. Diski za mjomba husomeka kwa shida sana: taa nyekundu humetameta, kitu ndani hugonga kwa kishindo mfululizo kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, kisha kompyuta hutangaza kwamba faili haikupatikana, ilhali jina lake nimeliona kwenye orodha dakika moja kabla. Diski ninazozifomati mwenyewe, kwa upande mwingine, husomeka bila kusitasita.

Tatizo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Hata hizo diski zangu mwenyewe, baada ya siku chache za kuhifadhi kazi, hujivuruga. Diski niliyoipa jina la MASHAIRI sasa inajiita HESABU, ambalo ni jina la diski nyingine kabisa. Orodha ya faili ni ile ile ya mashairi, lakini nikifungua faili moja napata nusu ya shairi, kisha takataka ambazo nimezitambua kuwa ni kipande cha programu yangu ya hesabu. Hadi sasa diski tatu zimeharibika hivyo.

Huenda haya nayo yakasaidia: umeme wetu ni wa volti 240, na plagi za vifaa hivi ni za Kijerumani, hivyo natumia kibadilisha plagi cha dukani. Tena nyuma ya kiendeshi pametobolewa tundu na kuwekwa swichi ndogo ambayo siioni katika picha za viendeshi vya watu wengine. Nimeiacha kama nilivyoikuta. Fundi wa redio mtaani kwetu ameniambia kwamba chuma kimezeeka, nikitupe. Je, ni kosa moja linalojionyesha kwa sura tatu, au ni makosa matatu yaliyokutana nyumba moja?

Fundi_Mstaafu alijibu:

Mwanangu, usikitupe, lakini usikiwashe tena kabla hujasoma haya hadi mwisho.

Nianze na umeme, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuulia kompyuta jioni moja tu, wakati mengine yote yanaweza kusubiri. Lile tofali jeusi lenye waya mbili, yaani adapta ya umeme ya kompyuta, hutoa umeme wa aina mbili, volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Hizo volti 5 ndizo zinazolisha chipu karibu zote, zikiwemo chipu 8 za kumbukumbu, nazo huvumilia kupanda au kushuka kwa robo volti tu. Ndani ya tofali mna kidhibiti volti kilichozamishwa katika gundi ngumu pamoja na transfoma, na hakina pa kupumulia. Kikizeeka, mara nyingi hakizimiki kiungwana. Huanza kupitisha volti zaidi ya zile zinazotakiwa, hasa kikiwa cha moto, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazotangulia kufa.

Sasa angalia kibandiko kilicho chini ya tofali. Vifaa vya Ujerumani vya miaka ile vilitengenezwa kwa volti 220. Wewe unakilisha 240, yaani ziada ya asilimia 9 hivi. Transfoma hukipelekea kidhibiti ziada hiyo hiyo, nacho hakina njia ya kuitupa isipokuwa kwa kuigeuza joto. Kwa hiyo kifaa kilichokuwa kikipata moto kule kwenye baridi ya Hamburg, kwetu huku kwenye nyuzi 30 za chumbani kinaungua kabisa. Kiendeshi nacho usikisahau, kwa maana 1541 ina transfoma yake ndani ya jalada lake lenyewe, karibu na sakiti, na ni ya volti 220 vilevile.

Pima hivi. Chomoa adapta kwenye kompyuta. Tafuta mchoro wa plagi yake ya pini 7, utambue pini ya volti 5 na pini ya ardhi, na usizichanganye na zile za volti 9. Funga rezista ya omu 5 yenye uwezo wa wati 10 kati ya pini hizo mbili ili adapta ibebe mzigo unaokaribia ule wa kompyuta, na uiweke rezista juu ya kigae kwa maana itachemka. Soma mita mwanzoni, kisha kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa nzima. Kupima adapta ikiwa baridi na bila mzigo, kama wafanyavyo wengi, hakukuambii kitu. Ukiona inavuka volti 5.25, usiichomeke tena kwenye kompyuta hiyo, hata kwa dakika mbili za kujaribu.

Traki_18 alijibu:

Nakubaliana na mzee kuhusu umeme. Mimi nitasema juu ya kiendeshi, nami naamini kwamba tatizo la tatu halina uhusiano wowote na joto.

Kwanza, usiuamini ujumbe wa kompyuta kwamba faili haikupatikana. 1541 si sanduku lenye mota tu. Ni kompyuta kamili yenye prosesa yake ya 6502, kumbukumbu yake ya kilobaiti 2 na programu yake ya kilobaiti 16, na Commodore 64 huzungumza nayo kupitia waya mwembamba kama majirani wanaoongea kupitia ukuta. Kiendeshi kikishindwa kusoma, kompyuta husikia tu kwamba hakuna kilichokuja, nayo hubuni sababu. Sababu ya kweli hubaki ndani ya kiendeshi, na taa inayometameta maana yake ni kwamba kiendeshi kina neno la kukuambia. Ulisome kwa programu hii ndogo:

10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,A,B$,T,S
30 PRINT A;B$;T;S
40 CLOSE 15

Ni lazima iandikwe kama programu yenye namba za mistari, kwani amri ya INPUT# hukataliwa ukiiandika peke yake. Kumbuka pia kwamba ukipakia orodha ya diski kwa LOAD"$",8 programu iliyokuwa kwenye kumbukumbu hufutika, kwa hiyo hifadhi kazi yako kwanza. Namba ya kwanza utakayoiona ni ya kosa, na mbili za mwisho ni traki (duara la maandishi kwenye diski) na sekta (kipande cha duara hilo). Kosa la 20 maana yake ni kwamba kichwa cha habari cha sekta hakikuonekana. 21 ni kwamba hapakuonekana hata alama ya kuanzia. 23 ni kwamba sekta ilisomeka lakini hesabu ya uhakiki haikulingana.

Kile kishindo kisikutishe sana. 1541 haina kitambuzi cha kuijulisha kwamba kichwa chake cha kusomea na kuandikia kimefika mwanzo wa diski, hivyo kikipotea njia hurudishwa nyuma hatua nyingi kwa kukisia, kikigonga kizuizi mpaka kiwe na hakika ya mahali kilipo. Kufanya hivyo kwa miaka kunaweza kukihamisha kichwa kidogo kutoka kwenye mstari wake. Ukweli kwamba diski zako mwenyewe zinasomeka na za mjomba hazisomeki unafanana sana na kichwa kilichohama, kwa sababu kiendeshi kama hicho huandika nje ya mstari na kusoma nje ya mstari ule ule, na hivyo huelewana na maandishi yake mwenyewe tu. Lakini mjomba aliandika kwa kiendeshi hicho hicho, kwa hiyo kabla ya kukishuku kichwa shuku uchafu na ukungu. Usiguse skrubu za kurekebisha kichwa hata kidogo.

Sasa hili la majina kuhama. Jina la diski limeandikwa katika sekta 0 ya traki 18, na sekta hiyo hiyo ndiyo yenye ramani inayoonyesha ni nafasi zipi zimejaa na zipi ziko wazi. Diski ya MASHAIRI haikubadili jina kwa uchafu wala kwa joto. Kiendeshi kilikuwa na sekta ya HESABU katika kumbukumbu yake, kikaamini kwamba diski bado ni ile ile, kikahifadhi faili mpya katika nafasi ambazo HESABU ilizionyesha kuwa wazi, kisha kikaiandika ramani yote ya HESABU, pamoja na jina lake, juu ya ile ya MASHAIRI. Nafasi hizo kwenye MASHAIRI zilikuwa na mashairi yako. Sekta za faili huunganishwa kama shanga, kila moja ikitaja inayoifuata, ndiyo maana unasoma shairi hadi katikati kisha unatumbukia katika hesabu.

Kwa hiyo nina maswali mawili. Unapofomati, kitambulisho cha herufi mbili kinachofuata jina la diski unakiandika nini? Na ile swichi ya nyuma, waya zake zinakwenda wapi?

Mpwa_wa_Baharia alijibu:

Shikamoo Mzee Fundi, na asante sana Traki_18.

Nimepima kama nilivyoelekezwa. Kibandiko kweli kimeandikwa 220. Mwanzoni mita ilisoma volti 5.1, baada ya dakika 20 ikasoma 5.2, na ilipofika dakika ya 50 ilikuwa 5.6 na tofali haligusiki kwa mkono. Nimelifungia sandukuni.

Kuhusu kitambulisho, naona haya kusema kwamba diski zote nimezipa 01, kwa sababu nilikuta mfano mmoja ulioandikwa hivyo nami nikaukariri bila kujua kazi yake. Kiendeshi nimekifungua baada ya kukichomoa na kukiacha usiku kucha. Swichi ina waya mbili nyembamba zilizolehemiwa kwa ustadi, zinazokwenda mbele penye kijisehemu cha plastiki kando ya mdomo wa diski, pale ambapo ule mkato wa ubavuni mwa diski hupita.

Bibi_Kilobaiti alijibu:

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Swichi kama hiyo niliwahi kuwa nayo mimi mwenyewe, na iliniadhibu vivyo hivyo.

Kijisehemu ulichokiona ni kitambuzi cha mwanga. Mkato wa ubavuni ukiwa wazi mwanga hupita, na kiendeshi hukubali kuandika. Ukizibwa kwa kibandiko mwanga hukatwa, na diski hulindwa isiandikwe. Diski wakati ule zilikuwa ghali, na 1541 husoma upande mmoja tu, kwa hiyo watu walizigeuza ili watumie upande wa pili, ambao hauna mkato mahali panapotakiwa. Wengine walikata mkato wa pili kwa mkasi au kwa kifaa cha kutobolea karatasi. Wengine, kama mjomba wako Mungu amrehemu, waliweka swichi ya kukidanganya kitambuzi kwamba mwanga unapita wakati wote.

Jambo ambalo wengi hawakulitambua ni kwamba kitambuzi hicho kina kazi ya pili. Diski inapotolewa na nyingine kuingizwa, ubavu wake hukatiza mwanga kwa muda mfupi, na kiendeshi hujua kwa dalili hiyo kwamba mgeni ameingia, kikaisoma ramani upya. Swichi ikiwa imewashwa, mwanga haukatiki kamwe. Kinga iliyobaki ni kitambulisho tu, kwa kuwa kimeandikwa katika kila sekta na kisipolingana na kile kinachokumbukwa kiendeshi hutoa kosa la 29. Wewe ukazipa diski zote 01, ukaiondoa kinga hiyo nayo. Mlango wa mbele uliachwa wazi na mjomba, wa nyuma ukaufungua wewe.

Izime swichi, au uiondoe waya zake kabisa. Fomati diski mpya kila moja kwa kitambulisho chake, kwa mfano OPEN 15,8,15,"N0:MASHAIRI,M1":CLOSE 15, kisha H1 kwa hesabu, na kadhalika. Siku ukiihitaji swichi, basi kila unapobadilisha diski tuma OPEN 15,8,15,"I0":CLOSE 15 kabla ya kuhifadhi chochote, ili kiendeshi kilazimike kuisoma ramani.

Zile diski tatu zilizovurugika usiziandikie tena. Nakili kwanza faili zinazosomeka hadi mwisho. Najua mtu atakushauri utumie amri ya V0, ambayo huijenga ramani upya kwa kufuata orodha ya faili. Ni amri nzuri kwa faili iliyoachwa bila kufungwa, ile inayoonyesha kinyota kando ya aina yake, lakini haiwezi kurudisha shairi ambalo sekta zake zimekwisha kuandikwa juu. Kwa diski za michezo ya kununua isitumike kabisa, kwani nyingi zina data ambayo haimo kwenye orodha, na amri hiyo itaitangaza nafasi yake kuwa wazi.

Ama kuhusu diski za mjomba, zitazame moja moja kwenye mwanga kupitia lile dirisha la kusomea, ukizungusha kitovu kwa kidole. Ukiona madoa meupe kama vumbi la unga, hiyo ni ukungu wa pwani yetu, na usiiingize kwa hali yoyote, kwa sababu uchafu utashika kichwa na kukwaruza diski inayofuata ambayo haikuwa na kosa. Safisha kichwa kwa pamba na spiriti safi ya isopropili. Mafuta ya taa na petroli havifai. Kichwa kiko upande wa chini, na juu yake kuna kijipedi laini cha kukandamiza ambacho usikivute.

Fundi_Mstaafu alijibu:

Marahaba. Volti 5.6 na kompyuta bado inawaka, basi una bahati. Tofali hilo halifunguliki bila kuharibika. Tafuta adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii, yenye volti 5 imara na zile 9 za mkondo geu, maana chaja ya simu peke yake haitatosha. Kwa kiendeshi, stabilaiza inayoweza kuwekwa kwenye volti 220 itakipunguzia joto.

Mpwa_wa_Baharia alijibu:

Narudi na habari baada ya wiki tano. Adapta mpya imefika, na jana kompyuta ilikaa imewaka kuanzia alasiri hadi saa nne usiku bila kuganda hata mara moja. Swichi nimeizima, na diski zangu kila moja ina kitambulisho chake. Nimezibadilisha makusudi mara nyingi huku nikihifadhi faili, na hakuna jina lililohama. Pamba ya kwanza niliyopitisha kwenye kichwa ilitoka na rangi ya kahawia iliyokolea kama kahawa. Baada ya kusafisha, diski 14 za mjomba kati ya 22 zimesomeka zote, na 7 zina ukungu nami nimezitenga.

Imebaki moja inayonishangaza. Ni safi kabisa, haina doa, na kibandiko chake kimeandikwa BARUA kwa mkono wa mjomba. Kila nikiiomba orodha napata kosa la 21, traki 18, sekta 0. Je, hii ndiyo dalili ya kichwa kilichohama?

Traki_18 alijibu:

Kichwa kilichohama kisingekusomea diski 14. Kosa la 21 kwenye diski safi mara nyingi maana yake ni kwamba upande huo haujawahi kufomatiwa. 1541 haikitazami kile kitundu kidogo kilicho karibu na kitovu, kwa hiyo diski husomeka sawasawa hata ikiingizwa chali, na mjomba wako hakuweka ile swichi kama pambo. Igeuze, kibandiko kitazame chini.

Mpwa_wa_Baharia alijibu:

Imefunguka. Kuna faili 31, na ya kwanza inaitwa MAMA HAMBURG 87. Ninazinakili sasa hivi kabla sijaifungua hata moja.